"Nimepima" au "nimepimwa"? Hili neno KUPIMA limebebeshwa mizigo mingapi?

MamaWawili (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nina jambo la neno moja tu, ila limenikaa rohoni tangu mwaka jana, na naomba wajuzi wa lugha na watu wa afya waliomo humu tulijadili pamoja.

Mama yangu ana miaka 63. Siku hiyo nilimsindikiza hospitali kwa sababu ya goti. Tumekaa kwenye benchi, akaja muuguzi, binti mpole kabisa, ana mashine ndogo mkononi. Akamwambia, "Bibi, njoo nikupime." Mama akakunja mikono kifuani. "Unipime nini? Mimi nimekuja kwa goti." Binti akajibu, "Vipimo vya kawaida tu bibi, tunapima kila mtu." Mama akanisogelea akaninong'oneza, "Wanataka kunipima ule ugonjwa." Sikuhitaji kuuliza ugonjwa upi. Akakataa. Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi akaenda kwa anayefuata, na mimi nikaona aibu kubishana na mama yangu mbele za watu, nikanyamaza.

Ile mashine ilikuwa ya presha.

Miezi minane baadaye kichwa kilimuuma siku tatu mfululizo, akawa anaona ukungu. Tulipomfikisha kwa daktari ikasomeka 190 kwa 110. Yuko hai, anatumia dawa, anaendelea vizuri. Lakini ile siku ya benchi hainitoki. Laiti yule binti angesema "bibi, nikupime presha", neno moja la ziada, mama angenyoosha mkono. Na laiti mimi ningemuuliza.

Tangu hapo nalisikiliza hili neno kila linapotajwa, na nimegundua linafanya kazi nyingi mno. Unapima kitambaa, unapima kiwanja, unapima joto. Unampima mtu kwa maneno uone ana akili gani. Ukimwambia mwenzako "jipime kwanza" umemtolea onyo. Wachumba wakisema "twende tukapime", hakuna anayeuliza wanapima nini. Kisha neno hilohilo ndilo tunalotumia kumwita mtu mzima, asiyeumwa popote, aje aangaliwe afya kama inavyotakiwa kufanyika mara kwa mara.

Maswali yangu: je, tuna neno bora zaidi la huu uchunguzi wa kawaida wa mtu asiye mgonjwa? Na lipi sahihi, "nimepima" au "nimepimwa"?

---

Mwalimu_Mstaafu

Pole kwa yaliyompata mama. Nianze na swali la pili, maana nimelisahihisha kwenye madaftari kwa miaka mingi na leo nakiri nililisahihisha kwa haraka.

Kwa sarufi ya darasani, anayepima ni mwenye kifaa. Mgonjwa *anapimwa*. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "Juzi nilikwenda zahanati nikapima malaria" nilikuwa naweka wino mwekundu, naongeza -w-. Lakini angalia tunavyosema kila siku: "nimenyoa", na aliyeshika mashine ni kinyozi. "Nimeshona gauni la harusi", na cherehani ni ya fundi. "Amejenga", na hajawahi kushika mwiko. Kiswahili kinamruhusu mwenye shauri lake awe mtenda, hata kama mikono iliyofanya kazi ni ya mwingine. Yeye ndiye aliyeamua, akaenda.

Sasa sikia tofauti hizi mbili:

"Nimepima sukari."
"Nimepimwa sukari."

Ya kwanza naisikia kama ya mtu aliyeondoka nyumbani kwa miguu yake akitaka kujua hali yake. Ya pili inaweza kuwa hivyo pia, lakini inaacha nafasi ya mtu aliyepangwa mstari akachukuliwa damu. "Abiria wote walipimwa." Hapo huwezi kusema "walipima" bila kubadilisha habari.

Ndiyo maana naona mama yako alisikia zaidi ya kitenzi. "Njoo nikupime" inampa muuguzi utendaji wote, na bibi anabaki kuwa kitu kinachopimwa.

---

KijanaMpole

Mwalimu heshima yako, ila hapa sikubaliani. Mimi nipo maabara. Kwenye maandishi ya kazi "nimepima" ni hatari. Mwenzangu aliacha ujumbe kwenye zamu, "Huyu wa kitanda cha nne amepima malaria." Aliyefuata akadhani mgonjwa amesema tu kuwa alishapima huko alikotoka. Mwingine akadhani ni sisi tuliompima. Damu ikachukuliwa mara ya pili bila sababu, na mtoto mwenyewe mdogo, mshipa unatafutwa. Mtaani semeni mnavyotaka, kwenye karatasi iandikwe nani kampima nani, lini, na kwa kipimo gani.

Kitu kingine: hatuna pia jina moja la kinachorudi. Wengine husema "vipimo vimetoka", wengine "majibu yametoka". Kipimo ni kile kifaa, ni lile tendo, ni ile namba, na ni ile karatasi. Vyote vinne.

---

Mwalimu_Mstaafu

Kwa maandishi ya zamu nakubaliana nawe asilimia mia. Nilizungumzia kinywa.

---

Muuguzi_Zamu

Nimesoma bandiko la kwanza mara mbili, na mara ya pili ilinibidi niweke simu chini. Nimewahi kuwa yule binti. Siyo huyohuyo, lakini nimesema maneno yaleyale, "vipimo vya kawaida tu", mara ngapi sijui, na watu wakaniacha na mashine yangu mkononi.

Nieleze yanavyoonekana kutoka upande wetu.

Kwanza, hilo "kawaida". Kwetu sisi "kipimo cha kawaida" ni kile anachofanyiwa kila anayeingia: uzito, joto, presha, mapigo. Lakini mgonjwa akitoka anaambiwa "vipimo vyako ni vya kawaida", hapo maana yake havina tatizo. Maneno mawili yaleyale, moja ni aina ya kipimo, lingine ni matokeo yake. Niliwahi kumwambia baba mmoja, "Tunakufanyia vipimo vya kawaida," akasimama akavaa kofia, akasema "Basi asante, kama ni vya kawaida sina haja ya kusubiri." Alisikia kwamba nimeshampa majibu.

Pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, ni majina tuliyoyapa magonjwa. Tunasema "ana presha", "ana sukari". Sasa kila mtu aliye hai ana presha, ni msukumo wa damu kwenye mishipa, usipokuwepo umekufa. Kila mtu ana sukari kwenye damu. Ila kwa sababu jina la kitu limekuwa jina la ugonjwa, nikimwambia mtu "nikupime presha" ananijibu "mimi sina presha." Anamaanisha haumwi. Na anasema kweli kwamba haumwi! Presha iliyopanda mara nyingi haiumi kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kama wanalo. Hao ndio wanaoniambia "mimi sina presha."

Kwa hiyo MamaWawili, kutaja presha kungesaidia kwa mama yako, naamini. Kwa wengine kungezua ubishi mwingine. Siku hizi nasema, "Nataka kuangalia presha yako inasoma ngapi." Nikisema *inasoma ngapi* mtu anajua anakwenda kupewa namba, siyo kutangaziwa ugonjwa.

---

MamaWawili

Muuguzi_Zamu, asante dada (au kaka). Usijilaumu. Yule binti nami simlaumu, alikuwa na watu kama arobaini mbele yake.

Umenifungua macho hapo kwenye namba. Naona sasa kwamba *kupima* tumelitwika kazi mbili tofauti kabisa. Kuna kupima kwa kutafuta kiasi: uzito ngapi, presha ngapi, sukari ngapi, damu ngapi. Na kuna kupima kwa kutafuta ndiyo au hapana: mimba ipo haipo, malaria ipo haipo, virusi vipo havipo. Ile ya kwanza inatoa namba, na namba ya leo inapata maana ukiiweka karibu na ya mwaka jana. Ile ya pili inatoa hukumu. Mama aliitwa kwenye ile ya kwanza, akasikia ile ya pili.

Na kila mmoja wetu anajua ni kwa nini. Tangu UKIMWI uingie, miaka na miaka ya mabango na redio kutuambia "kapime", neno likajaa ugonjwa mmoja. Kampeni zilifanya kazi kubwa, ziliokoa watu, sizilaumu. Lakini neno halijarudi lilikokuwa.

---

Baharia_Z

Kabla ya hospitali zote hizo, *pima* ilikuwa jina la kipimo chenyewe. Nyoosha mikono miwili kulia na kushoto, kutoka ncha ya vidole vya mkono huu hadi ncha ya vidole vya ule: hiyo ni pima moja. Mkono, yaani dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shubiri ni kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri mbili mkono, mikono miwili wari, wari mbili pima. Kina cha maji tulihesabu kwa pima: unashusha kamba yenye kizito cha risasi, unaivuta juu ukiitanua kifuani, moja, mbili, tatu.

Yaani mwili wa mtu ndio uliokuwa rula. Leo huohuo mwili ndio unaopimwa. Nimeona niliseme tu, maana mleta uzi anasema neno halijarudi lilikokuwa. Lilikokuwa ni hapo.

---

Fundi_Maneno

Baharia, umenigusa sana.

Mimi natafsiri nyaraka za afya, nijibu lile swali la kwanza la neno mbadala. Nimeshajaribu yote.

*Uchunguzi*. Hili ndilo rasmi, na linatoka kwa *chungua*, kuangalia kwa undani, ndugu yake ni *chungulia*. Tatizo lake ni kwamba uchunguzi huwa una mshukiwa. Polisi wanachunguza. Kuna uchunguzi wa maiti. Ukimwandikia mtu "unaalikwa kwenye uchunguzi wa afya yako" anajiuliza kumegundulika nini. Hata hivyo kwa baadhi ya mambo hakuna lingine linalofaa: kujichunguza matiti, uchunguzi wa mlango wa kizazi. Hapo hakuna namba inayotafutwa, kuna kuangalia na kupapasa, na kuchungua ndiyo kazi yenyewe.

*Ukaguzi*. Linafaa gari, hesabu, shule, gwaride. Mkaguzi ana orodha, anatiki. Kwa maana ya ziara yenyewe ya mara kwa mara lingefaa kuliko yote, kwa sababu ukaguzi hausubiri kitu kiharibike. Lakini mtu hataki kukaguliwa, anaona kama amegeuzwa ghala.

*Kuangalia afya*. Laini, kila mtu analielewa, na mimi ndilo ninalolipenda. Wahariri hulirudisha wakisema ni la mtaani.

*Chekapu*. Limeingia mlangoni bila hodi na limekaa. "Nimeenda chekapu", "chekapu ya kila mwaka", "nimefanya chekapu ya mwili mzima". Watu wa lugha wananuna, mimi sinuni tena. Angalia linachofanya: ukisema chekapu, hakuna anayekushuku ugonjwa wowote. Ni neno lililokuja bila historia ya woga.

Ila kuna jambo la kitabibu lazima tulilinde. Kumpima mtu mwenye dalili na kumpima mtu asiye na dalili ni mambo mawili. Hilo la pili lina masharti yake. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Wilson na Jungner, waliliandikia Shirika la Afya Duniani vigezo kumi vya lini inafaa kuwatafutia ugonjwa watu wasio na dalili, miongoni mwake: uwe tatizo kubwa, uwe na kipindi cha mwanzo kinachoweza kugundulika, kipimo kiwe kinakubalika kwa watu, na tiba iwepo kwa atakayekutwa nao. Angalieni hicho cha *kukubalika kwa watu*. Kipimo chenye jina linalowakimbiza watu kimeanguka hapohapo, hata mashine ikiwa nzuri kiasi gani.

---

KijanaMpole

Fundi, chekapu mimi nalipinga, kwa sababu halisemi kitu. Mtu anakuja dirishani "nataka chekapu". Ya nini? "Ya kila kitu." Hakuna kipimo cha kila kitu. Mtu anatoka na karatasi ndefu, anaamini amekaguliwa mwili mzima, kumbe presha yenyewe haijapimwa. *Kupima* angalau linakulazimisha kutaja: kupima nini?

---

Fundi_Maneno

Linakulazimisha wewe wa maabara. Bibi wa kwenye benchi halikumtajia kitu.

---

KijanaMpole

Kweli. Hapo nimekuelewa.

---

Tumaini_tu

Samahani nachelewa kuingia. Sijui kama ni mahali pake, ila mmeongelea woga na mimi nina wangu.

Mwaka juzi niliambiwa kwa simu, "Majibu yako yametoka, ni hasi." Nikakaa chini sakafuni. Kwangu hasi ni kitu kibaya: mtazamo hasi, maoni hasi. Nilikaa na hilo neno usiku mzima, asubuhi nikaenda, ndipo nikaelezwa kwamba hasi maana yake hawakuona ugonjwa. Dada aliyenieleza alikuwa mwema, alinishika bega. Usiku ule lakini siwezi kuurudisha. Na najua kuna mtu mahali fulani ameambiwa "chanya" akashangilia.

---

Muuguzi_Zamu

Ni mahali pake kabisa, Tumaini. Pole sana.

Sisi tuliofundishwa tunajua hasi na chanya ni za hesabu: kilichotafutwa hakipo, au kipo. Lakini nje ya maabara chanya ni jema na hasi ni baya, na mtu aliye na hofu hawezi kufanya tafsiri hiyo kichwani. Kwetu tulikubaliana kusema kitu kizima: "Tumetafuta vimelea vya malaria kwenye damu yako, hatukuviona." Ni sentensi ndefu zaidi kwa sekunde nne.

Na ongezeni moja: "hatukuviona" ni kweli zaidi kuliko "huna". Kwa virusi vya UKIMWI kuna kipindi cha mwanzo, wiki kadhaa baada ya kuambukizwa, ambapo kipimo cha kawaida cha haraka hakioni kitu, ndiyo maana watu huambiwa warudie. Na kwa presha ni kinyume chake: namba moja kubwa haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ukifika umekimbia, umebanwa na mkojo, au unaongea huku unapimwa, itapanda. Kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa shinikizo la juu, isipokuwa ikiwa juu mno kama ya mama wa mleta uzi.

---

Mwalimu_Mstaafu

Nimefurahi kwamba uzi huu umefika hapa. Niongeze neno moja, *kupimisha*. Kama tunavyosema "nimeshonesha", tungeweza kusema "nimepimisha presha": nimesababisha ipimwe. Kisarufi linakaa vizuri, linampa mtu uamuzi wake na linamwachia mpimaji kazi yake. Nimelisikia kwa wazee wachache.

---

Baharia_Z

Kwetu tulisema hivyo kwa mbao. Kupimisha mbao kwa seremala.

---

MamaWawili

Wakuu nimewasoma wote, na nimemsomea mama baadhi ya mabandiko jana jioni, hasa la Baharia. Alinyoosha mikono yake yote miwili palepale kwenye kiti akasema, "Hii ndiyo pima, marehemu babu yako alikuwa akinipimia kanga hivi." Sikuwahi kumsikia akilitumia.

Chekapu mimi naliacha kwa wanaolipenda. Nabaki na kupima, ila nimejiwekea sharti kwamba halitatoka kinywani mwangu peke yake. Kupima *presha*. Kupima *sukari*. Kupima *macho*. Na nimeanza kumwuliza kila anayeniambia "nenda kapime": nikapime nini?

Mama ana daftari la watoto la mistari, la jalada la bluu. Kila Jumatatu anakaa dakika tano kimya kama Muuguzi_Zamu alivyoelekeza, mdogo wangu anamfunga ile mashine, kisha anaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Wiki iliyopita 142 kwa 88. Leo asubuhi alipomaliza kuandika aliniita nikiwa jikoni, "Imesoma 136 kwa 84. Ile ya Jumatatu iliyopita ilikuwa ngapi vile?" Na kabla sijafika alikuwa ameshafunua ukurasa.

---

Muuguzi_Zamu

Mwambie namsalimia. Na mwambie aje na hilo daftari kila anapokwenda kwa daktari, asiliache nyumbani.